Ungo Uliozimwa Msibani

1

Jumapili asubuhi nilihesabu taa mara mbili, zote mbili nikapata mia tatu na kumi na moja badala ya mia tatu na kumi na mbili. Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga, maana ukungu wa Lwangani huingia mpaka ndani ya mitambo, nikahesabu mara ya tatu. Moja ilikuwa imezimika kweli, ya nyumba ya themanini na nane.

"Basi amekufa Anyelwisye," nikasema. Hapakuwa na mtu wa kunisikia ila kinu chenyewe.

Kilio nilikuwa sijakisikia bado. Sisi watunza kinu ndivyo tulivyokuwa tukipata habari za misiba siku zile: nyumba inazima ungo wake kabla hata jirani hajabisha hodi. Nyumba ya msiba haipigi redio, haitwangi, haichezi ngoma, na ungo nao watu waliutia kwenye fungu hilo la makelele, ingawa hautoi sauti hata ya mbu. Unazimwa, unafunikwa kanga, yamekwisha. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu niliuzima wa kwangu siku nne nzima, na katika mji huu wote mimi ndiye niliyepaswa kujua ubaya wake. Nikikumbuka nacheka kwa hasira.

Kwa asiyeujua, ungo wetu ni kisanduku cha ukubwa wa kopo la majani ya chai, kimepigiliwa ukutani juu ya mlango wa jikoni. Kila sekunde nane kinatuma pakiti moja kwenye mnara wa Kampuni, wenye migodi hii. Uwe una la kusema au huna, kinatuma. Pakiti zote zina urefu mmoja na zimefungwa kwa kufuli tatu, moja ndani ya nyingine. Kama huna neno, ndani mna makapi, tarakimu ovyo zisizo na maana yoyote. Ukiwa na neno, linakwenda mahali pa makapi zamu yake ikifika. Aliyekaa mnarani anaona nyumba mia tatu na kumi na mbili zinasema mfululizo, usiku na mchana, hata wenyewe wakiwa wamelala wanakoroma. Sheria inamruhusu kuhesabu kila kinachopita kwenye mnara wake, lakini haimruhusu kufungua. Haya, ahesabu basi!

Kutoka mnarani pakiti zinaletwa kwangu. Kinu kinangoja mpaka kila ungo uliowashwa ulete yake, kinafungua kufuli la nje, kinazichanganya zote, kisha kinazitema kwa mpangilio mwingine kabisa kwenda kwa Bwana Rwechungura, mtunza kinu wa kule ziwani. Yeye anafungua la pili, anachanganya tena, anampelekea Bi Mwanakheri wa pwani, naye anafungua la mwisho na kulifikisha neno linakokwenda. Kila mmoja wetu anajua mchanganyiko wake tu. Nimekaa juu ya kinu kile miaka tisa na sikuwahi kujua nani kasema nini, wala sikutaka kujua. Siku ya kukabidhiwa ufunguo nilishika mtambo kwa mikono miwili nikala kiapo: mtunza kinu haoni, hakumbuki, hahesabu.

Taa nilikuwa nazihesabu, ndiyo, ili nijue kama kuna ungo ulioharibika. Kiapo kilikuwa kinasema watu.

Nikafunga mlango, nikachota maharage kwenye ndoo ndogo, nikajifunga kanga ya pili kiunoni, nikaenda msibani.

2

Anyelwisye alikuwa mtoboaji wa mashimo ya baruti kwenye shimo la nne, kule wanakochimba jiwe la betri. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mwaka wa mwisho alikuwa akipanda ngazi tatu za kanisa anakaa chini, anajifanya anafunga kamba za viatu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe nilikikuta njiani: wanawake wanashuka na kuni kichwani, na malori ya mawe yasiyo na dereva yanapita katikati yao kwa mwendo ule ule. Zamani dereva akiona msiba alisimama, akavua kofia. Haya mapya yanajua kukwepa tu.

Mjane wake, Tuntufye, alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro sakafuni kati ya wanawake. Yeye kazi yake ilikuwa kufua. Kampuni ilimpa nguo za zamu ya pili ya shimo la nne, ovaroli arobaini kila siku, anazifulia hapo hapo uani kwake. Siku hiyo mabeseni yake walikuwa wameshayachukua majirani, maana mfiwa hafanyi kazi na kazi yake hailali. Wawili walikuwa wanafua, wengine wanachambua mchele. Shangazi wa marehemu, Syabumi, mama mnene wa sauti nzito, alikuwa amesimama katikati ya ua anaamrisha.

"Subilaga! Umekuja na maharage hayo tu? Kinu kizima hakikukupa hata kikombe cha nyongeza?"

"Kinu changu kinasaga makapi, shangazi. Ukitaka nitakuletea gunia."

Akacheka, kisha akakumbuka msiba, akajifuta machozi. Nikaweka ndoo yangu kwenye zingine. Kugeuka, namwona Kisoka amekaa kwenye benchi la wanaume, sahani ya ugali magotini.

Kisoka alikuwa wa idara ya takwimu ya Kampuni, kijana wa miaka thelathini na kitu, kanyoa vizuri, anaamkia wakubwa bila kukumbushwa. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikinichosha. Mtu mbaya mwenye matusi unajua pa kumweka.

"Shikamoo, Mama Subilaga."

"Marahaba. Nawe una ukoo huku?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuwapa pole tu. Huu ni msiba wangu wa kumi na moja Lwangani."

"Kumi na moja! Hata mchungaji hajafikisha."

Akatabasamu, akatazama juu ya mlango wa jikoni. Ungo ulikuwa pale, umefunikwa kanga ya bluu, kijitaa chake kimezimwa. "Mila nzuri sana hii," akasema. "Mnazima nyumba ya mfiwa tu, au na ndugu?"

"Ndugu wa tumbo moja nao huzima. Kwa nini?"

"Najifunza tu." Akanawa mkono kwa utaratibu, akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika neno moja au mawili. "Unajua, mama, watu wananiogopa bure. Mimi cha mtu sifungui. Nahesabu tu waliokaa kimya."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini bila kukimaliza, nikaaga.

3

Nikarudi kinuni mchana ule ule, nikafunga mlango kwa komeo, nikamwaga maharage kwenye ungo wa kweli, ule wa kupepetea. Maharage mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila nyumba.

Kila Jumatano saa sita mchana, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, barua moja ilikuwa ikitoka kwenye ubao wa Baraza la Afya ya Kazi, ubao ambao yeyote nchini anaweza kuusoma. Barua fupi: shimo la nne, zamu ya pili, vumbi kiasi hiki Jumatatu, au kiasi hiki Ijumaa. Ilikuwa ikifika kwa Baraza na neno la siri chini yake, wanalolijua Baraza na mwandishi tu na lisilobandikwa ubaoni, la kuthibitisha kuwa mwandishi ni yule yule. Hakuna jina. Kampuni ilibadilisha mainjinia wawili, ikapekua mabegi ya wapimaji, na barua hazikukoma. Zilikuwa zimefika hamsini na saba, na mwezi uliokuwa unafuata Baraza lilikuwa likae kuamua kama shimo la nne lifungwe.

Hazikukoma, ila zilikosekana mara tatu. Hilo kila msomaji wa ubao alijua. Alichokuwa hajui ni nyumba gani zilikuwa zimezima ungo katika wiki hizo tatu. Mimi nilikuwa nalijua, kwenye daftari langu la taa. Na mnara ulikuwa unalijua.

Wiki ya kwanza iliyokosa barua ilikuwa ile ya ajali ya shimo la pili, nyumba arobaini zilizima. Nikayaacha maharage arobaini, mengine nikayarudisha kwenye ndoo. Wiki ya pili, alipofariki bibi wa ukoo wa Mwakasege, kati ya hizo arobaini zilizima kumi na moja. Wiki ya tatu, kati ya hizo kumi na moja, tano. Na sikuacha. Nilikuwa nimeshakula kiapo miaka tisa nikidhani kishawishi kitakuja kwa sura ya hongo au bunduki, kumbe kilikuja kwa sura ya maharage.

Yakabaki matano. Manne kati yake, ungo wa nyumba hizo ulikuwa unawaka wiki hii. La tano lilikuwa la nyumba ya themanini na nane.

Kisoka alikuwa anangoja Jumatano. Barua isipotoka, hana haja ya kuuliza mtu.

"Anyelwisye, baba wee," nikasema kwa sauti. Nikamwona kichwani, mtu wa kukohoa na kunyamaza, kumbe kule chini alikuwa anapima. Yeye wangemfanya nini tena? Lakini alikuwa na mke, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Kampuni. Kule Ihoma, mji wa migodi kama wetu, walimpata mwandishi wao miaka mitatu iliyopita. Gari lilikuja mchana kweupe, wakachukuliwa yeye, kaka yake na mke wa kaka yake. Alirudi mke peke yake, na mpaka leo akiulizwa jambo lolote anajibu kwamba hajui, hata akiulizwa jina lake.

Nilifikiria kuandika mimi. Nyumba yangu ina ungo kama wengine, namba moja, miaka tisa unatema makapi matupu. Ningetunga kiasi fulani cha vumbi, nikatuma, barua ikatoka huku nyumba ya themanini na nane imezima, na hesabu yote ya Kisoka ikaharibika. Rahisi kabisa! Ila nilikuwa sina neno la siri. Na hata ningekuwa nalo, Kampuni ina vipimo vyake kule chini. Ningekosea kwa kiasi kikubwa, wangesimama mbele ya Baraza wakasema: tazameni, mwandishi wenu anatunga. Barua hamsini na saba za kweli zingekufa kwa moja ya uongo, na wanaume wa shimo la nne wangeendelea kukaa chini kwenye ngazi za kanisa.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa ya kwenda kumwambia mjane: nimekuhesabuni. Nimefanya lile nililoapa sitalifanya, na nimewafikia.

Nikakaa na lile harage kiganjani mpaka likapata joto.

4

Jumatatu walimzika. Jioni jua bado liko juu ya migomba niliingia chumba cha wanawake, nikapiga magoti mbele ya godoro, nikamkumbatia Tuntufye kama kila mtu anavyofanya. Kumlilia mfiwa sikioni hakuna anayekushangaa. Nikalia kweli, na katikati ya kilio nikasema:

"Mama, nisamehe. Nimeijua habari ya barua. Kisoka naye anaijua nusu. Jumatano isipotoka, wamewapata. Marehemu alikuachia vipimo vyake? Alikuachia neno?"

Nilisikia mgongo wake umekakamaa chini ya mikono yangu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa anaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakapokea, na Tuntufye akaupokea pia, ubeti mzima, huku kashika bega langu kwa nguvu kama mtu anayekamua nguo.

Kisha akasema sikioni mwangu, "Vipimo gani? Anyelwisye hakujua kitu. Ningemwambia angeniacha niendelee?"

Sikuelewa. Nadhani nilisema tu "eeh?"

"Ni mimi, Subilaga. Vumbi si linakuja nyumbani kwangu kila siku? Ovaroli arobaini. Maji ya kwanza usimwage. Yaache yatulie mpaka juu yawe meupe, chuja, kausha tope kwenye kikaango, pima. Mzani uko ndani ya pipa la unga. Gawanya kwa arobaini."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kampuni nzima ilikuwa inatafuta chombo cha kupimia, inapekua mabegi ya wasomi, na chombo kilikuwa beseni. Na mimi, mwanamke mzima, mjane kama yeye, niliyekulia kwenye kufua, nilipofika kwenye nyumba ile nilimwona mwanamume tu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Na neno?" nikauliza.

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu na yamevimba, lakini yalikuwa yananipima. Alikuwa anaweza kukataa. Angekataa, ningetoka pale na siri yake na asingeweza kunifanya lolote.

"Ulihesabu," akasema.

"Nilihesabu."

"Tulikuamini wewe usihesabu."

"Najua, mama."

Shangazi Syabumi akatubonyeza mabegani, akasema jamani wengine nao wanataka kumpa pole. Tuntufye akanivuta mara ya mwisho akaniambia neno. Yalikuwa maneno manne. Sitayaandika hapa wala popote.

5

Jumanne asubuhi nikatokea uani kwa mfiwa na sabuni ya mche.

"Leo nafua mimi," nikasema.

"Mtunza kinu anafua!" Shangazi Syabumi akapiga makofi. "Jamani njooni muone. Mikono hiyo iliyozoea kubonyeza vidude!"

"Mnicheke tu. Nani alifua nepi za wanangu watano, mnara?"

Wakanipisha. Nguo za zamu ya pili ya Jumatatu zilikuwa kwenye magunia, ovaroli arobaini, ngumu kwenye magoti, za kijivu mpaka ndani ya mifuko. Niliposhika ya kwanza nikaikung'uta bila kufikiri, vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya mara nne. Nikakumbuka kwamba vumbi nililokung'uta ni ushahidi. Kuanzia hapo nikazizamisha taratibu kama mtoto anayeogeshwa.

Maji ya kwanza nikayamimina kwenye pipa tupu pembeni.

"Unayaweka ya nini hayo?" akauliza mmoja.

"Nataka tope la kusiriba jiko langu. La mgodini linashika kuliko la mtoni."

"Hilo kweli," akasema shangazi. Hata akanisaidia kulibeba pipa mpaka kivulini.

Nilifua mpaka viganja vikachubuka. Arobaini si mchezo, na huyu mwanamke alikuwa anazifua kila siku ya Mungu, anachota maji, anapika, anamsugua mgongo mumewe anayekohoa, halafu anapima. Saa nane maji yalikuwa yametulia. Nikachuja kwa kitambaa, nikakaanga tope kwenye kikaango nyuma ya jiko mpaka likawa unga, nikaenda kwenye pipa la unga kana kwamba nachukua wa ugali. Mzani ulikuwa pale chini kabisa, wa jikoni, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikapima mara tatu. Nikagawanya. Kila mwanamume wa zamu ile alikuwa ametoka shimoni na gramu kumi na tisa za jiwe kwenye nguo zake tu, mbali na alizovuta.

Nikakaa chini kidogo nyuma ya jiko. Miaka tisa nilikuwa nayaona maneno ya watu yanapita yamefungwa, na nilijivuna kwamba sijui yana nini ndani. Kumbe moja lilikuwa hilo.

Nyumbani nikaandika kama yeye alivyokuwa akiandika, bila kuongeza hata pole. Shimo la nne, zamu ya pili, Jumatatu, kumi na tisa. Maneno manne chini. Nikabonyeza, na ungo wangu ukalichukua neno lile, ukangoja sekunde zake nane, ukalitoa mahali pa makapi. Hakuna kilichobadilika kwenye kioo. Taa mia tatu na tano zilikuwa zinawaka vile vile, saba za ukoo wa mfiwa zimezimwa. Mnara ukahesabu mia tatu na tano.

Nikaingia kinuni nikaangalia mchanganyo ukizunguka. Neno langu lilikuwa mle ndani na sikuweza kujua lipo wapi. Nikalia kidogo, sijui kwa nini hasa.

6

Jumatano saa sita mchana barua ya hamsini na nane ilitoka kwenye ubao.

Saa kumi tulikuwa tunaanua matanga. Kisoka alikuja. Hakuketi kwenye benchi la wanaume, alisogea mpaka nilipokuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, chini ya ile kanga ya bluu.

"Barua imetoka, Mama Subilaga."

"Mimi sisomi ubao. Kiapo changu."

"Nilikuwa na nyumba moja tu," akasema polepole. "Kazi ya mwaka mzima. Sasa sina hata moja."

"Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa," akajibu, kwa mazoea, kama alivyofunzwa na mama yake. Kisha akanitazama moja kwa moja, na niliona anaitafuta taa ya namba moja usoni mwangu. "Mikono imekuwaje?"

"Nilifua. Mfiwa hafanyi kazi."

Akaitazama ile mikono muda mrefu. Sijui alielewa nini. Alirudisha kijidaftari mfukoni.

Hapo ndipo niliposimama mbele ya watu, na sikupanga. Nikasema jamani naomba neno. Nikawaambia ukweli wote ninaoruhusiwa: kwamba ungo hausemi, unapumua. Kwamba makapi yake ndiyo yanayomficha jirani siku ana jambo. Tunapozima msibani tunadhani tunamheshimu marehemu, kumbe tunainua mkono na kusema kwa mnara, sisi hapa, tuhesabu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Nyumba ya msiba haipigi kelele," akasema mzee mmoja wa kanisa. "Tangu enzi za babu zetu."

"Babu zetu walikuwa na ungo?"

"Mila ni mila."

Watu wakaanza kuguna. Nikadhani nimeharibu. Ndipo Tuntufye akatoka chumbani, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, ameshikwa mkono na shangazi. Siku tatu alikuwa hajazungumza hadharani.

"Mume wangu alikufa kwa kukosa pumzi," akasema. "Sitaki nyumba yake nayo ikose. Shangazi, washa. Kanga iacheni juu yake."

Shangazi Syabumi akamtazama mzee wa kanisa, akatazama ua mzima, akakaza kanga kiunoni na kupanda kwenye kigoda kwa mwili wake ule. "Hata mfiwa anapumua," akatangaza, kana kwamba ni neno lake tangu kuzaliwa. Akaingiza mkono chini ya kanga. Kijitaa kikawaka, ukakiona kwa mbali kupitia kitambaa cha bluu.

Tangu siku hiyo Lwangani ungo hufunikwa na hauzimwi. Kisoka alihudhuria misiba mingine miwili, akaacha.

Wiki iliyofuata niliwaandikia wenzangu wawili. Bwana Rwechungura akanijibu kwa hasira: unaachaje kinu, Subilaga, wakati umeokoa mtu? Nikamwambia nimemjua mtu. Kesho wakinikamata wakanibana vidole kwenye mlango, nina jina la kuwapa. Miaka tisa sikuwa nalo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, kutokuwa nalo. Bi Mwanakheri hakubishana. Aliuliza swali moja tu: ungerudi nyuma, usingehesabu? Mpaka leo sijamjibu. Nisingehesabu, Tuntufye angekuwa kama yule mama wa Ihoma. Na kila mtu aliyewahi kutuma neno kupitia kwangu ana haki ya kuniuliza, siku ile ulipomwaga maharage, ulijuaje utaishia kwa mmoja?

Ufunguo nikampa binti wa mwalimu, msichana mkimya. Akala kiapo, tukakiongezea neno: wala maharage. Yeye alicheka, hajui ni ya nini, na sikumwambia.

Shimo la nne lilifungwa mwezi uliofuata. Barua ziliendelea, sasa za shimo la tano, walikohamishiwa wanaume wale na nguo zao. Mimi na Tuntufye hatukuwahi kulizungumza. Tulikuwa tukikutana njiani tunaamkiana, habari za nyumbani, nzuri, basi, na nilidhani hatanisamehe. Mpaka asubuhi moja kwenye bomba la maji, siku ya arobaini imeshapita, naye kavua kitambaa cheupe. Wanawake walikuwa wengi. Akatua ndoo yake karibu na yangu, akanitazama mikono, akasema kwa sauti wote wasikie:

"Huyu mnamwona? Nilifiwa akajidai ananifulia. Kola zote arobaini alizirudisha na vumbi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikacheka mpaka nikashika bomba.

"Nilikuwa najifunza, mama," nikasema.

"Basi njoo Alhamisi," akajibu, akijitwisha ndoo. "Nguo ni nyingi siku hizi, na mimi nazeeka."